Mchezo wa Njama na Lugha Yake

Miongoni mwa michezo ya jioni ambayo watu wazima huicheza majumbani baada ya chakula, upo mmoja ambao siku hizi umeingia pia katika madarasa ya vyuo, nao wastahili kuangaliwa na wale wanaoshughulika na lugha. Mwenyeji huwaalika watu kumi au kumi na watano, humpa kila mmoja jina la mtu aliyepata kuishi katika historia, kisha kwa siri humjulisha mambo ayajuayo mtu huyo, ayatakayo na ayaogopayo. Wageni hula, huzungumza, hunong'ona pembeni, hupeana ahadi na kuzivunja, mpaka saa iliyowekwa ifike na njama iliyokuwa ikipikwa ama itimie ama igunduliwe. Hapana jukwaa, hapana watazamaji, wala hapana maneno yaliyoandikwa ili yakaririwe. Silaha pekee waliyo nayo wachezaji ni ndimi zao.

Makala haya yaeleza jinsi mchezo wa namna hiyo unavyoandaliwa, kwa kutumia kisa kimoja kijulikanacho sana, yaani kuuawa kwa Julius Caesar mjini Roma tarehe 15 Machi mwaka 44 K.K. Jambo linalotetewa hapa ni hili: kazi kubwa ya mwenyeji si kutafuta mavazi wala kupamba sebule, bali ni kugawa maneno. Yeye ndiye aamuaye nani ajue nini, nani aweze kumwambia nani, na kwa kauli ya namna gani. Akiigawa kazi hiyo vibaya, hata karamu iwe nzuri kiasi gani, wageni watakaa kimya au watasema ovyo. Akiigawa vizuri, wataelewa kwa nafsi zao jambo ambalo vitabu vya historia hulisema kwa shida: kwamba watu wa kale hawakujua mwisho wa kisa chao.

JINA LA MCHEZO

Yafaa kwanza kupambanua jina. Kiswahili kina maneno "mchezo wa kuigiza", nayo yamekwisha kuzoeleka kwa maana ya tamthilia, ambamo mwigizaji hupewa maneno ya mtunzi na kuyatia uhai. Katika mchezo unaoelezwa hapa mchezaji hapewi maneno, bali apewa haja. Maneno ni lazima ayatafute mwenyewe, papo kwa papo, mbele ya mtu ambaye naye ana haja yake. Kwa hiyo jina "mchezo wa njama" limechaguliwa katika makala haya, kwa kuwa lataja kiini cha mambo na halichanganyiki na tamthilia.

Neno "njama" lenyewe lina tabia ya kuangaliwa. Aghalabu hufuatana na kitenzi "kula": watu hula njama, kama vile wanavyokula kiapo au kula yamini. Katika semi hizi zote twaona kwamba jambo lililoliwa limeingia ndani ya mtu, na kulitoa si rahisi. Kilatini nacho kilikuwa na majina mawili ya jambo hili. La kwanza ni coniuratio, ambalo asili yake ni kuapa pamoja. La pili ni conspiratio, ambalo asili yake ni kupumua pamoja. Ajabu ni kwamba Plutarch, mwandishi Myunani wa karne ya kwanza na ya pili, asema kuwa waliomwua Caesar hawakula kiapo cho chote. Neno la lugha yao lilidai kiapo; wao walitegemeana bila kiapo.

Pembeni mwa "njama" yako maneno mengine ambayo mwenyeji hana budi kuyatenga anapoandika kadi za wachezaji. "Siri", "hila", "fitina" na "shauri" yote yametoka katika Kiarabu, lakini kila moja lina mahali pake. Siri ni jambo linalofichwa. Mtu mmoja aweza kuwa nayo peke yake. Hila ni njia ya kupitia. Fitina huwatenga waliokuwa pamoja. Shauri laweza kutolewa mchana kweupe bila aibu. Njama huanza pale siri inapokuwa ya watu wawili au zaidi, nao wakatafuta hila kwa kufanyiana mashauri. Na huvunjika pale fitina inapoingia kati yao. Kwa mwenyeji mpangilio huu ni ramani ya jioni nzima.

Asili ya mchezo haina haja ya kuelezwa kwa urefu. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, David Wesely aliwaalika rafiki zake wacheze vita vya zama za Napoleon, lakini badala ya kuwapa majeshi tu aliwapa watu: huyu awe mkuu wa mji, yule awe mwanafunzi. Mwaka 1986 Dimitry Davidoff wa Chuo Kikuu cha Moscow alibuni mchezo ambao wachache wanaojuana hukaa kati ya wengi wasiojuana. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 Mark Carnes wa Chuo cha Barnard mjini New York alianzisha njia ya kufundisha historia kwa kuwapa wanafunzi nafasi za watu wa kale wajadiliane kama wao. Mchezo wa njama wachukua kitu kwa kila mmoja wa hawa watatu: kwa wa kwanza mhusika, kwa wa pili kutojuana, na kwa wa tatu heshima ya ushahidi wa historia.

KARAMU YA LEPIDUS

Msomaji wa Kiswahili akijua kisa cha Caesar, yamkini amekipata kwa njia ya tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotolewa mwaka 1963 na kutolewa tena, baada ya kusahihishwa, mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tafsiri hiyo ni pete ya mwisho ya mnyororo mrefu. Plutarch aliandika kwa Kiyunani. Jacques Amyot akamtafsiri kwa Kifaransa mwaka 1559. Thomas North akaifasiri kazi ya Amyot kwa Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare akachota humo. Mwenyeji asiishie kwenye tamthilia. Wageni wengi wanaijua, na mtu anayeijua atakariri badala ya kufikiri. Hapana budi arudi nyuma kwa waandishi wa kale: Nicolaus wa Damascus aliyeishi wakati ule ule, kisha Plutarch, Suetonius na Appian.

Akirudi huko atakuta zawadi kubwa. Usiku wa kuamkia siku ya mauaji, Caesar alialikwa chakula nyumbani kwa Marcus Lepidus, mkuu wa wapanda farasi na msaidizi wake. Appian aeleza kwamba Caesar alikwenda pamoja na Decimus Brutus, mtu aliyempenda na kumwamini, ambaye tayari alikuwa mmoja wa walakula njama. Mazungumzo ya mezani yakafikia swali la kifo kilicho bora, na Caesar akajibu kuwa ni kile kijacho ghafula, kisichotazamiwa. Hapo ndipo mchezo unapopata mahali pake pa haki. Mwenyeji wa leo achukue nafasi ya mwenyeji wa siku ile. Akaribishapo wageni wake mezani, yeye ni Lepidus, nao wako Roma, tarehe 14 Machi, na saa zinakwenda. Siku nne baadaye Caesar alikusudia kuondoka kwenda kupigana na Waparthi. Kwa hiyo walakula njama hawana nafasi ya kungoja.

Ni lazima mwenyeji awaambie wageni mapema ni wapi historia inakoma na ubunifu unaanza. Waliotajwa kuwa katika karamu ile ni wachache. Kuwaweka Cicero, Cassius na Porcia katika sebule hiyo moja ni ruhusa ya mchezo. Kadhalika Marcus Brutus, ambaye kwa kweli alikuwa amekwisha kuingia katika njama, afaa aanze jioni akiwa bado hajaamua, ili awe na uamuzi wa kufanya. Ubunifu uliotajwa haudhuru ukweli. Unaofichwa ndio udhuruo.

KUGAWA SIRI

Kwa wageni kumi na wawili, mgawanyo ufuatao watosha. Upande mmoja wakae Cassius, Trebonius, Decimus Brutus na Casca, ambao wamekwisha kula njama. Upande wa pili wakae Caesar mwenyewe, mkewe Calpurnia na Marcus Antonius. Katikati wakae wasioamua: Marcus Brutus, Cicero, Favonius na Labeo. Wa kumi na mbili ni Artemidorus wa Cnidus, mwalimu wa Kiyunani, ambaye amesikia habari lakini hana cheo cha kumfikia mkubwa. Akipatikana mgeni wa kumi na tatu apewe Porcia, mke wa Brutus.

Kila mmoja apewe bahasha yenye mambo matatu tu: jambo analolijua, jambo analolitaka, na jambo ambalo hawezi kulisema waziwazi. Sehemu ya tatu ndiyo iliyo ngumu kuandika na ndiyo inayouchangamsha mchezo. Mfano ulio bora ni Antonius. Plutarch aeleza kwamba mwaka uliotangulia Trebonius alimdokezea jambo hili wakiwa safarini. Antonius akaelewa, akakataa, lakini hakumwambia Caesar. Basi kadi ya Antonius imweleze hayo. Hapo mtu mwaminifu kuliko wote mezani anayo siri ya kumwaibisha, na Trebonius aijua. Hakuna kati yao awezaye kuitoa bila kujiumiza. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nicolaus asema kwamba walakula njama hawakukutana hadharani, bali walikusanyika wachache wachache katika nyumba zao. Mwenyeji na afuate desturi hiyo. Kadi ya Casca imtajie Cassius tu. Kadi ya Decimus imtajie Trebonius tu. Cassius pekee awajue wote. Idadi yenyewe ya watu waliohusika haikuafikiwa na wazee wa kale: Suetonius asema walizidi 60 na majeraha yalikuwa 23, Nicolaus asema walizidi 80 na majeraha yalikuwa 35. Tofauti hiyo ni funzo kwa mchezaji. Katika njama ya kweli hata waliomo hawakujua wako wangapi.

Katika kuandika kadi hizi Kiswahili humpa mwenyeji msaada ambao lugha nyingine hazimpi. Kiambishi a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Kadi ikisema, "Jana usiku alionekana akitoka nyumbani kwa Cassius, akalia njiani," msomaji hajui kama aliyelia ni Brutus au ni Porcia. Mwandishi wa Kiingereza angelazimika kuchagua kiwakilishi, na kwa kuchagua angetoboa nusu ya siri. Au angeizungushazungusha sentensi mpaka wageni washuku. Vivyo hivyo kauli ya kutendwa, "aliambiwa", "alionwa", "alitumwa", humficha mtenda bila sentensi kuonekana kilema.

Majina, kinyume chake, yataka uangalifu. Wako wawili waitwao Brutus, na Shakespeare mwenyewe amemwita Decimus kwa jina la Decius. Kosa la jina laweza kuwa na bei kubwa. Baada ya mazishi ya Caesar, kundi la watu wenye hasira lilimwua Helvius Cinna, rafiki wa marehemu, kwa kumdhania kuwa ni Cornelius Cinna, aliyekuwa amemsema vibaya. Mtu mmoja alikufa kwa sababu ya jina la mwingine. Kwa hiyo majina kamili yaandikwe juu ya vifua vya wageni, kwa herufi kubwa.

KUULIZA BILA KUULIZA

Hapa ndipo penye utajiri wa mchezo. Mlakula njama anataka kuongeza wenzake, lakini hawezi kuuliza, "Je, utatusaidia kumwua Caesar?" Akiuliza hivyo na jibu likawa hapana, amekwisha kujinyonga. Anahitaji swali ambalo likijibiwa vibaya laweza kukanwa kuwa halikuulizwa.

Plutarch ametuwekea mfano wa ajabu. Brutus alitaka kuwajua rafiki zake, basi akawazushia mjadala wa falsafa, wa mbali na wa jumla, juu ya utawala na machafuko. Favonius akasema kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe ni vibaya kuliko utawala wa mtu mmoja usiofuata sheria. Statilius akasema kwamba haimpasi mwenye hekima kujitia hatarini kwa ajili ya wapumbavu. Labeo aliyekuwapo akawapinga wote wawili. Brutus akanyamaza, kana kwamba swali limemshinda, wala hakuonyesha aliyempendelea. Baadaye alimfuata Labeo peke yake akamfunulia siri. Favonius na Statilius hawakujua kwamba walikuwa wamepimwa.

Msemaji wa Kiswahili ana jina la sanaa hii, nalo ni kufumba. Fumbo ni kauli yenye nyumba mbili: aliyemo huingia kwa mlango wa ndani, asiyekuwamo huona ukuta tu na kupita. Wanawake wa pwani wamesemezana hivyo kwa maandishi ya kanga, ambapo mvaaji aweza kumchoma jirani yake na kisha kusema kuwa alinunua nguo tu. Washairi wamelumbana hivyo. Na watoto hujifunza msingi wake katika vitendawili, ambapo mwenye siri hutega, mwingine hutegua, na ashindwaye hutoa mji. Mwenyeji atafanya vyema kuwapa wageni desturi hii kabla ya chakula, kwa raundi mbili tatu za vitendawili, ili ndimi zizoee kusema jambo moja na kukusudia jingine.

Kwa mfano, Cassius akimwendea Cicero aweza kumwuliza kama mti ulioota katikati ya uwanja, ukawanyima wengine jua, waweza kupogolewa au hauna budi kuachwa uanguke wenyewe. Cicero akijibu juu ya bustani, hapana lililoharibika. Akijibu juu ya mti, mazungumzo yameanza. Kadi haiwezi kumfundisha mchezaji fumbo hili. Yaweza tu kumnyima njia iliyonyooka. Ndiyo sababu sharti moja la mchezo liwe kwamba neno "kuua" na jina la Caesar yasitamkwe pamoja na ye yote kabla ya saa ya mwisho. Atakayeyatamka amejifichua, na aliyeyasikia aweza kumshtaki kwa Lepidus.

Hatari ya fumbo ni kwamba hata asiyelikusudia aweza kulitega. Asubuhi ya tarehe 15 mtu mmoja alimshika Casca mkono, akamwambia kuwa alimficha siri lakini Brutus amekwisha kuieleza yote. Casca akaduwaa, akakaribia kuropoka. Yule mtu akacheka, akauliza alipata wapi utajiri wa ghafula hata akataka kugombea cheo cha mjini. Habari yote ilikuwa ni uchaguzi. Katika isimu twaweza kusema kwamba neno "siri" lilitumika bila kitajwa, na kila mmoja alikijaza kwa hofu yake. Muda mfupi baadaye Popilius Laenas aliwanong'oneza Brutus na Cassius kuwa awaombea mafanikio, kisha akaonekana akizungumza kwa muda mrefu na Caesar. Walakula njama walitia mikono ndani ya nguo, tayari kujiua. Brutus alikuwa mbali, hakusikia neno, lakini aliusoma mwili: mtu yule aliinama kama aombaye, wala hakusimama kama ashtakiye. Akawatabasamia wenzake, wakatulia. Mwenyeji mwenye busara huandika kadi mbili za namna hii, zenye maneno yasiyo na hatia yanayofanana na siri, akawapa watu wasiojua lo lote.

HESHIMA NA MWITO

Waswahili hujuana kwa jinsi wanavyoitana, na katika mchezo huu mwito ni ushahidi. Mchezaji amwitaye Caesar "Bwana Mkubwa" mbele ya watu na kumwita "yule" akiwa pembeni amekwisha kusema mengi. Aliyekuwa akimwita mwenzake "Mheshimiwa" na sasa amwita "ndugu yangu" amevuka mpaka fulani, na mwenye masikio atamwuliza aliuvuka lini. Wageni waambiwe mapema kwamba kila mtu amwite mwenzake kwa namna impasayo cheo chake, na kwamba kubadili mwito ni kitendo, wala si pambo.

Mwito mmoja wahitaji kuelezwa. Kwa Warumi neno rex, yaani mfalme, lilikuwa neno la chuki tangu walipowafukuza wafalme wao wa kale. Watu wa mitaani walipomwamkia Caesar kwa neno hilo alijibu kwamba yeye si Rex bali ni Caesar, akichezea ukweli kuwa Rex lilikuwa pia jina la ukoo. Neno "mfalme" katika Kiswahili halina sumu hiyo. Huenda mgeni akalitumia kwa adabu njema kabisa. Tafsiri ya neno ni sahihi, lakini hofu iliyolizunguka haikutafsirika. Basi mwenyeji na aitengeneze hofu hiyo kwa sharti: ye yote atakayemwita Caesar mfalme, kwa sifa au kwa kejeli, amempa Cassius hoja moja ya kumwonyesha Brutus. Kwa njia hii neno lapata uzito wake wa kale bila maelezo marefu.

KAZI YA MWENYEJI USIKU HUO

Jioni igawanywe sehemu tatu. Kabla ya chakula wageni wazunguke wawili wawili na watatu watatu, kwa muda wa dakika 40 hivi. Wakati wa chakula mazungumzo yawe ya wote, na Lepidus ndiye aulizaye swali la kifo kilicho bora. Wasikilizaji wa pande zote watajikuta wakiyapima majibu. Baada ya chakula nafasi ya kunong'ona irudi, lakini iwe fupi, ili haraka iingie. Wakati wo wote Artemidorus ana haki ya kuandika barua moja na kujaribu kuitia mkononi mwa Caesar. Katika historia barua ilifika. Caesar hakupata nafasi ya kuisoma kwa wingi wa watu waliomsonga, akaingia nayo barazani ikiwa mkononi. Wanaotaka kuizuia wasitumie mikono, bali wamshughulishe Caesar kwa maneno.

Hapana mtu aguswaye mwilini. Mwisho unapofika, kila mmoja atumbukize karatasi katika chungu: tupu, au yenye alama ya majambia mawili na kofia, kama sarafu aliyoitoa Brutus mwaka 43 au 42 K.K. kuukumbuka ushindi wake. Majambia yakifika idadi iliyowekwa, njama imetimia. Yakipungua, imeshindikana, nao waliotia wamebaki na Caesar aliye hai. Mwenyeji na achague daima kisa cha zamani kilichopoa. Yako mauaji ya karne hii na iliyopita ambayo wajane na watoto wake wangali wakikaa nasi, na msiba wa watu haufai kuwa burudani ya baada ya chakula.

-NGE- NA -NGALI-

Mchezo usifungwe karatasi zinapohesabiwa. Yabaki mambo mawili, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote.

La kwanza ni swali ambalo mwenyeji huwauliza waliotia majambia: "Kesho asubuhi mtafanya nini?" Aghalabu watatazamana. Ndivyo ilivyokuwa Roma. Brutus alikataa Antonius asiuawe pamoja na Caesar. Kwa nchi wakadhani kwamba akiondoka mtu mmoja, mambo yatarudi yenyewe. Tarehe 17 Machi Seneti iliwasamehe wauaji na papo hapo ikazithibitisha amri za aliyeuawa. Cicero, ambaye hawakumshirikisha ingawa walimheshimu, alilalamika katika barua kwamba tendo lilifanywa kwa moyo wa kiume lakini kwa akili ya kitoto. Yeye aliuawa mwaka 43, na Brutus na Cassius wakajiua katika vita vya Philippi mwaka 42. Wachezaji waliotumia saa tatu wakitafuta namna ya kuanza, bila kufikiri namna ya kumaliza, wataielewa lawama hiyo bila kufafanuliwa.

La pili ni la sarufi. Wanasarufi wamefundisha kwamba -nge- hutumika kwa jambo ambalo bado laweza kufikirika kuwa litatendeka, na -ngali- kwa jambo ambalo mlango wake umefungwa. Wasemaji wengi wa leo huyachanganya yote mawili, na walimu huona taabu kuieleza tofauti kwa mifano ya mvua na mashamba. Mchezo wa njama huileta tofauti hiyo mezani. Saa mbili za usiku Calpurnia husema, "Ungebaki nyumbani kesho, ningelala." Saa tano, kadi zikiwa wazi, husema, "Ungalibaki nyumbani, usingalikufa." Kati ya sentensi hizi mbili pamepita mchezo mzima. Historia tunayoisoma imeandikwa yote kwa -ngali-: Caesar angaliisoma barua, Antonius angalisema aliyoambiwa. Waliokuwamo waliishi katika -nge- na katika -ki-, na kila neno lao lilikuwa laweza kugeuza mambo. Hasara ya msomaji wa historia ni kuisahau hali hiyo. Faida ya mchezo ni kuirudisha kwa jioni moja.

NJAMA YA PWANI

Atakaye kisa cha karibu zaidi anacho. Mwaka 1859, mjini Unguja, Sayyid Barghash alikula njama ya kumwondoa nduguye Sayyid Majid, aliyeshika utawala baada ya baba yao, Sayyid Said, kufariki mwaka 1856. Dada zao waligawanyika. Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 15 hivi, alikuwa akijua kuandika, kwa hiyo akawa mwandishi wa barua za njama. Yeye mwenyewe alikisimulia kisa hicho katika kumbukumbu zake zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, alitoka amejifunika nguo za kike kati ya dada zake. Jaribio likashindwa, akapelekwa Bombay. Lakini alirudi, na tangu mwaka 1870 hadi 1888 alitawala mwenyewe.

Hapa mwenyeji hana haja ya kueleza heshima, wala mwito, wala fumbo; wageni wamekuja navyo. Ila atakuwa na kazi nyingine: kuwagawia haki walio upande wa Majid, ili nao wapate la kusema. Katika mchezo wa Roma wageni huelekea kumpenda Brutus. Katika mchezo wa Unguja watampenda Salme, kwa kuwa ndiye aliyeandika. Kumbukumbu ni za aliyeshika kalamu, na kikulacho ki nguoni mwako. Mwenyeji anayeziandika kadi kumi na mbili kwa haki moja, kila mtu akiwa na sababu yake iliyo njema machoni pake, amefanya kazi ya mwanahistoria; na anayezisikiliza kauli za wageni wake usiku kucha, na kwa ruhusa yao kuziandika asubuhi, amekusanya mafumbo mapya ambayo hayajaingia katika kamusi yo yote.